Uwanja Uliopigwa Polishi

Mtaa mzima uliijua nyumba ile kwa uwanja wake. Kuanzia ngazi za baraza mpaka getini, na kutoka ukuta huu mpaka ule, ilikuwa saruji tupu. Hata jani la kumpa mbuzi hulipati. Mwenye nyumba aliimwaga mwenyewe enzi za ujana wake, alipokuwa karani wa stoo katika idara ya barabara. Aliimwaga kipande kwa kipande, mshahara baada ya mshahara, na wapita njia walisimama kutazama. Wakati ule majirani wote walikanyaga tope mpaka mlangoni pao. Mkewe, aliyeanza kazi akifundisha darasa la kwanza na kustaafu akiwa mwalimu mkuu, aliuvuka uwanja wake kwa viatu vya visigino hata mvua ikinyesha wiki nzima. Hakukuwa na mwanamke mwingine mtaani aliyeweza kufanya hivyo, na yeye alihakikisha wanaona.

Wenye midomo yao walisema ile ilikuwa saruji ya serikali. Hawakumwambia usoni. Walisema pembeni, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Mwalimu, maana mtaani hakuitwa kwa jina lingine, alilijua neno hilo tangu lilipozaliwa na hakuwahi kulijibu. Alikumbuka miezi waliyokula bila kitoweo ili mfuko mmoja upatikane. Lakini hayo yalikuwa mambo ya ndani, na mambo ya ndani hakuyatoa nje hata kama yangemsafisha mumewe. Aliona ni afadhali watu wabuni kuliko wajue.

Mume alipofariki, uwanja ukaanza kuzeeka kama uliokuwa ukisubiri ruhusa. Ulipasuka nyufa. Pale lilipokuwa likiegeshwa gari lake bovu palibaki doa la mafuta, jeusi na pana kama mkeka. Mtaa nao ulikuwa umebadilika. Waliokuwa wakikanyaga tope sasa walikuwa na vitofali vya rangi, maua kwenye vyungu na taa ndogo ndogo za njia. Vijana waliokaa kwenye kona waliuita uwanja wa Mwalimu "Uwanja wa Ndege", na wakimwona akitoka walimwuliza kwa heshima zote kama ndege ya leo imechelewa.

"Imeondoka," alikuwa akiwajibu bila kusimama. "Imewaacha nyinyi."

Hayo aliyaweza. Asiloliweza lilikuja Jumapili moja, na lililetwa na binti yake.

Alikuwa mtoto wao pekee, aliyezaliwa wakati watu walikuwa wameshakata tamaa kwa niaba yao. Alifanya kazi benki, alikuwa amepata mchumba, na siku ya harusi ilikuwa imeshapangwa. Watu wa mume wangekuja kumchukua bibi harusi nyumbani kwao, wale chakula, hotuba zisemwe, kisha waondoke naye. Binti alikunywa chai nusu kikombe kabla hajalitoa lililomleta.

"Mama, baba mdogo amesema shughuli tuifanyie kwake."

"Shughuli ipi?"

"Hii yangu. Kwake kuna nafasi, kuna ukoka, kuna kivuli."

"Na hapa hakuna nini?"

Binti akatazama dirishani. "Hapa kuna joto, mama. Halafu we mwenyewe si unaona? Panafanana na yadi ya polisi."

Mwalimu akakiweka kikombe chake kwenye kisahani, taratibu, ili kisilie. "Una baba wangapi?"

"Jamani, mama."

"Nakuuliza, unijibu. Binti anatoka kwa baba yake. Ukitokea kwa mdogo wake, watu watauliza kwa mkubwa kulikuwa na nini. Halafu watajijibu wenyewe, na unajua watajijibu nini."

Binti alijua. Alikuwa amesoma shule ya mtaani hapo hapo, na watoto hawana adabu ya kusema pembeni. Akazungusha kijiko, akasema, "Basi pakipendeza, sawa. Kadi zinachapwa mwisho wa mwezi, na lazima ziandikwe mahali. Nitakuja kuangalia kabla hazijachapwa."

"Njoo," alisema Mwalimu.

Aliyetangulia kuja ni baba mdogo mwenyewe. Alikuwa mkandarasi, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Mkandarasi, kwa sauti ile wanayoitumia kumtaja mtu mwenye magari mawili. Alisimama katikati ya uwanja tumbo likiwa mbele, akapigapiga chini kwa kisigino, akasikiliza mlio.

"Shemeji, nipe siku chache nilete vijana wangu. Tunaivunja yote, tunamwaga udongo, tunapanda ukoka. Sikutozi kitu."

"Haivunjwi."

"Imekufa hii, shemeji."

"Aliyekufa ni kaka yako. Sakafu ni nzima."

Mkandarasi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, wewe hujastaafu hata kidogo." Kisha, akielekea getini, akageuza shingo na kusema kama mtu anayetania, "Ila nakuelewa. Tukianza kuvunja, watu watakuja kuhesabu mifuko."

Mwalimu alimsindikiza mpaka barabarani, akamtakia njia njema, akafunga geti. Neno lile lilimkata maini. Kama lingetoka kwa vijana wa kwenye kona lingepita. Lilitoka kwa mtu aliyelelewa na saruji ile ile, aliyesomeshwa na mshahara ule ule wa karani wa stoo. Tangu dakika hiyo, hata angeletewa vijana mia na bustani ya mfalme, asingekubali nyundo iguse pale. Angeupendezesha uwanja ukiwa mzima, na binti angetoka juu yake.

Alimchukua mama mfuaji, mwanamke wa makamo aliyekuja kumfulia na ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, wakaanza kazi. Doa la mafuta walilimwagia magadi na sabuni ya unga, wakalisugua kwa mchanga mpaka likawa kijivu. Nyufa walizijaza uji wa saruji. Kuta walizipaka chokaa. Mapipa yaliyokatwa nusu waliyapiga rangi nyeupe, wakayajaza udongo, wakapanda maua ya miguu mifupi yasiyodai maji mengi. Tangi la maji lililosimama kama mlevi pembeni walilifunika kwa ukuta wa matete. Kamba ya nguo ikahamishiwa nyuma.

"Mwalimu," alisema mama mfuaji akinyoosha mgongo, "mimi mume wangu akiniona ninavyosugua kwako, ataniuliza kwetu nimekosa nini."

"Mwambie kwenu hakuna harusi."

"Kwetu tumepanga; hata harusi ikija itapita tu ikimtafuta mwenye nyumba."

Palipendeza, isipokuwa chini. Nyufa zilizojazwa zilibaki na rangi tofauti, nyeupe juu ya kijivu, kama ramani yenye mito mingi. Doa la mafuta lilikuwa limeoshwa lakini halikuwa limesahauliwa. Mwalimu alifikiria rangi ya kawaida akaikataa; alikuwa ameiona kwenye kituo cha mafuta, imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Akalala na jambo hilo, akaamka nalo, na asubuhi jibu likawa limekaa mbele yake kama mwanafunzi aliyewahi shule. Polishi nyekundu.

Hakuna aliyeijua polishi nyekundu kuliko yeye. Shuleni kwake sakafu za madarasa na varanda ndefu ya ofisi zilipigwa polishi kila mwisho wa wiki. Watoto walipiga magoti kwa mstari, wakapaka, wakaiacha inywe, wakasugua kwa brashi na kumalizia kwa tambara la blanketi. Kisha yeye alitoa leso nyeupe mfukoni na kuiburuta chini mbele ya macho yao. Leso ikitoka na wekundu, mstari mzima ulirudi magotini. Wakaguzi waliokuja kutoka makao makuu walivua kofia mlangoni kabla hawajaambiwa. Kwa Mwalimu, nyumba yenye heshima ilijulikana kwa sakafu nyekundu, na alijilaumu kwamba hakulifikiria hilo tangu mwanzo.

Alinunua makopo mpaka muuza duka akamwuliza kama anafungua shule. Walifanya kazi alfajiri na jioni, kwa sababu mchana hakuna aliyeukanyaga uwanja ule. Tangu ulipomwagwa, watu wa nyumba ile walikuwa na njia yao ya mchana, kandokando ya ukuta penye kivuli, mpaka getini. Mama mfuaji naye aliijua. "Nikikatiza katikati saa hizi, nyayo zangu zitapiga kelele mpaka polisi waje," alikuwa akisema, na kuambaa ukuta na beseni lake kichwani. Walikuwa wamezoea mno hata hawakulifikiria tena.

Walipaka mara ya kwanza, saruji ikaimeza yote. Wakapaka tena, na tena, wakisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Alfajiri moja, kabla jua halijatoka, Mwalimu alitoa leso yake, akainama kwa shida, akaiburuta kutoka ngazi ya chini mpaka hatua kadhaa mbele. Ikatoka nyeupe.

"Enhe," alisema mama mfuaji. "Hapa hata mume wangu akianguka atajiona alivyo mbaya."

Binti alikuja jioni, moja kwa moja kutoka kazini. Alisimama getini na mkoba wake begani. Uwanja ulikuwa mwekundu mkolezo kutoka ukuta mpaka ukuta, unang'aa, na taa ya baraza ilionekana ndani yake kama iliyo chini ya maji. Alivua viatu bila kuambiwa.

"Mama," alisema. Akapiga picha, akamtumia mchumba wake, akamshika mama yake mabega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Kadi zikachapwa na mahali pakaandikwa: nyumbani kwa marehemu baba yake.

Siku chache baadaye Mkandarasi naye alipita, mchana, Mwalimu akiwa mezani. Alimwona kupitia dirisha. Shemeji yake alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akanyoosha mguu, akakanyaga kidogo palipopigwa na jua, akaugeuza unyayo na kuutazama, kisha akaupangusa kwenye chuma cha geti. Mwalimu alifurahi moyoni. Alidhani anakung'uta viatu kabla ya kuingia, kama wageni wa zamani walivyokuwa wakifanya.

"Hongera, shemeji," alisema Mkandarasi alipoingia. "Panang'aa."

"Asante."

"Mahema utaweka wapi?"

"Pembeni. Katikati pabaki wazi."

"Mazulia?"

"Ya kazi gani? Nani anajifunika uso siku ya kupigwa picha?"

Mkandarasi akatikisa kichwa taratibu, akakubali maji ya kunywa, akaondoka.

Siku yenyewe ilifika. Mahema yalisimama kandokando ya kuta, meupe, viti vikapangwa, vitambaa vya meza vikashuka mpaka chini. Majirani walioalikwa waliingia wakitembea kama walio kanisani. Watu wa mume walifika muda si mrefu kabla ya saa sita, msafara wa magari yenye riboni, na mama wa bwana harusi akateremka akiwa amevaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vyeupe. Mwalimu alimpokea kwenye geti. Wakashikana mikono miwili.

"Mkwe wangu, kwenu pazuri," alisema mgeni, akitazama huku na huku. "Hiki ni kioo, si sakafu."

"Ni kazi ya marehemu," alisema Mwalimu. "Mimi nimepangusa vumbi tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, akautazama uwanja ukiwaka jua katikati ya watu waliouteta kwa miaka yote ile. Aliwaona vijana wa kwenye kona wamesimama getini na mikono nyuma.

Chakula kilipoanza kugawiwa jua lilikuwa utosini. Wa kwanza kuonekana alikuwa mgawaji, aliyepita katikati na sinia na kuacha nyuma yake alama za viatu, moja moja, kama mtu aliyetembea kwenye tope. Mwalimu alidhani ni mchuzi. Akampungia mkono mama mfuaji apanguse. Mama mfuaji akapiga goti, akapangusa, akainua tambara, wakatazamana kwa mbali. Tambara lilikuwa jekundu. Kisha ilionekana kila mahali. Polishi iliyokuwa imekauka alfajiri sasa ilikuwa laini kama siagi iliyosahauliwa mezani. Miguu ya viti iliyochomoza nje ya kivuli ilikuwa imezama. Vitambaa vya meza vilikuwa na pindo nyekundu. Kila aliyevuka kutoka hema hadi hema aliubeba uwanja kwenye nyayo na kuushusha kwenye miguu ya jirani, na aliyejaribu kujifuta aliupaka mkononi, kutoka mkononi shatini.

Mama wa bwana harusi aliinuka kwenda kunawa. Alipiga hatua tatu juani. Ya nne mguu ulikuja, kiatu kikabaki.

"Mkwe," alisema, amesimama mguu mmoja kama korongo, akicheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine, "sakafu yenu imenishika, haitaki niondoke."

Watu walicheka naye, kwa wema. Na hapo hapo, maana wapiga muziki walikuwa wameshaambiwa saa na hakuna aliyewaambia vinginevyo, wimbo ukaanza na bibi harusi akatokea barazani.

Mwalimu alisimama. Alinyanyua mkono. Binti alidhani anampungia, akatabasamu, akashuka ngazi. Gauni lilikuwa jeupe na mkia wake ulikuwa mrefu, na wasimamizi waliushika mpaka ngazi ya mwisho, kisha wakauachia utandazwe, kama walivyofundishwa. Alitembea mpaka katikati ya uwanja. Aliposimama na kugeuka ili watu wamwone, mkia ukazunguka naye, na wote wakauona. Alikuwa kama aliyevuka machinjioni.

Muziki ulikatika. Katika kimya hicho, kutoka hema la nyuma, sauti ya mtu mzima ikasema, wala si kwa nguvu, "Saruji ya serikali imetoa damu."

Kicheko kilianza, kikazibwa na viganja, kikatokea puani. Mwalimu hakugeuka kumtafuta msemaji. Alijikaza kisabuni, akatembea mpaka kwa binti yake kwa viatu vilivyonata kila hatua, akainama, akaanza kuukusanya mkia wa gauni. Kadiri alivyoukusanya ndivyo mikono yake ilivyoupaka.

"Acha, mama," alisema binti. "Acha, unazidisha."

Mkandarasi alikuwa ameshachukua kipaza sauti. Alikuwa amesimama kwenye kivuli na viatu vyake havikuwa na doa. "Ndugu zangu wageni wetu, jua limetushinda," alisema kwa sauti ya kuchangamsha. "Naomba tusogee nyumbani kwangu, ni mtaa wa pili tu hapo. Mahema yapo, vinywaji vipo, kila kitu kiko tayari. Tuwahi, tusimwache bwana harusi akakauka."

Watu wakainuka kwa shangwe ya walioachiwa. Mwalimu alibaki ameshika kitambaa. "Tayari," alisema. "Tayari tangu lini?"

Binti hakumtazama. "Ilikuwa tahadhari tu, mama. Mvua ikinyesha, au nini."

"Tangu lini?"

"Tangu kadi."

Mwalimu aliachia kitambaa. Mkandarasi alipopita karibu yake akiongoza wageni kwa kuambaa ukuta, alimsimamisha kwa kumshika mkono wa koti, na vidole vyake vikaacha alama. "Siku ile ulikanyaga, ukatazama kiatu chako," alisema. "Ulijua."

"Shemeji," alisema Mkandarasi, kwa upole ambao haukuwa na haraka, "mimi ni mtu wa ujenzi. Nilikwambia tuivunje, ukaniambia ni nzima."

Walimwitia gari, akakataa. Hakutaka kuchafua kiti cha mtu. Alienda kwa miguu, peke yake, nyuma ya msafara. Njia haikuwa ndefu. Vijana wa kwenye kona walimwona akipita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza habari za ndege. Angependelea waulize.

Kwa Mkandarasi palikuwa na mti mkubwa wa kivuli, ukoka uliokatwa sawasawa, na mahema mawili yaliyokwisha kufungwa kamba. Mke wa Mkandarasi alikuwa amesimama getini na mabeseni ya maji na taulo, na nyuma yake viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa kwa safu, vyote na nyayo nyekundu. Alipomwona Mwalimu alishusha macho.

"Dada, samahani," alisema. "Na wewe pia."

"Hata mimi?"

"Ndani kuna mazulia, dada. Bibi harusi anabadilishwa gauni huko, watu wanaingia na kutoka."

Tangu alipoanza kazi, hakuna mtu nje ya nyumba yake aliyewahi kumwona Mwalimu bila viatu. Aliegemea nguzo ya geti, akafungua kamba moja, kisha ya pili. Akaviweka mwisho wa safu. Mke wa Mkandarasi alitaka kumnawisha miguu, akamzuia, akainawa mwenyewe, kidole kwa kidole. Kisha akaingia. Ukoka ulikuwa wa baridi. Hakuweza kulikana hilo, na lilimuuma kuliko kicheko.

Binti alitoka akiwa na gauni lingine, la kuazima, limembana mabegani lakini safi. Mkandarasi alimshika mkono, akampeleka mbele ya watu wa mume. "Mimi kama baba yake," alianza, na hotuba ikaenda vizuri, alikuwa mzungumzaji. Alimtaja kaka yake mara moja, kwa heshima, akasema alikuwa mchapakazi na kila mtu anajua alichojenga. Baadhi ya watu walitazama miguu yao. Mwalimu alipiga makofi pamoja na wengine, na alipiga mpaka mwisho, ili asiwe wa kwanza kuacha.

Mpiga picha aliwapanga mbele ya wigo wa maua. Wazee nyuma, vijana mbele, wasio na viatu wasogee katikati ili wafichike. Mwalimu alisogea.

Baada ya picha, mwanamke mmoja wa upande wa mume, mtu mzima aliyechelewa kwa sababu gari lake liliharibika njiani, alimfuata na kumpa mkono. Alikuwa hajafika kule kwingine na hakuna aliyemsimulia bado.

"Nimeambiwa wewe ndiye mama wa binti," alisema. "Hongera sana. Kwenu pazuri, pametulia, unajua kabisa umefika kwa watu."

Mwalimu alitazama mti, ukoka na mahema. Alimtazama binti yake akicheka upande wa pili, mkono wa baba mdogo begani pake. Kumsahihisha mgeni kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka kuanzia mbali, kwenye uwanja, kwenye stoo, kwenye chungu kisicho na kitoweo.

"Asante," alisema. "Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."